Mtoto Aliyerudi Mikono Mitupu

Mimi ni mtu wa isimu. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kufundisha sauti, maumbo na miundo ya lugha za wanadamu, na sikudhani kwamba ningefika umri huu wa arubaini na ushei ndipo niketi tena kama mwanafunzi, tena mwanafunzi wa lugha isiyozungumzwa na mtu yeyote duniani. Lakini ndivyo yalivyonifika Jumamosi moja alasiri jijini Nairobi. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi hupata riziki yake kwa kuandika programu za kompyuta, alikuwa amenishikilia kwa muda mrefu. "Mwalimu," aliniambia, "wewe hudai kwamba umezichunguza lugha za kila namna. Njoo basi uwaone watu wanaokusanywa na lugha ambayo hakuna mama aliyewahi kumbembelezea mwanawe."

Nikaenda. Lugha yenyewe huitwa Python. Aliyeianzisha ni Mholanzi, Guido van Rossum, ambaye aliianza Disemba 1989 akiwa mtafiti mjini Amsterdam, akaitoa kwa umma mwaka 1991. Wengi hudhani kwamba jina hilo linatokana na chatu, na ni kweli kwamba chatu ndiye aliyechorwa katika nembo yake. Lakini mwenyewe alilichukua kwa Monty Python, kikundi cha wachekeshaji wa Uingereza. Jambo lililonivutia mimi kama mwanaisimu ni uchache wa maneno yake. Maneno ambayo Python imejitengea, yaani yale ambayo mwandishi haruhusiwi kuyapa maana nyingine, ni 35 tu. Mtoto wa miaka miwili ana msamiati mkubwa kuliko huo! Maneno hayo takriban yote yametoholewa kutoka Kiingereza. Hata hivyo, mbali na hayo na majina machache yaliyokuja na lugha yenyewe, kila jina jingine katika programu hutungwa na anayeandika. Akitaka kuita kitu "umri", "jumla" au "shangazi", mashine haina neno. Nakuomba, msomaji, uliweke hilo akilini, maana nitalirudia.

Watu hawa wana desturi ya kukutana. Mara moja kwa mwezi au zaidi, wanaotumia lugha moja ya programu katika mji mmoja hukusanyika katika ukumbi ulioazimwa, mmoja au wawili kati yao wakaeleza walichokiunda, wengine wakauliza maswali, kisha wakanywa soda na kubadilishana habari za kazi. Hakuna kiingilio wala cheti. Anayehutubu leo huenda mwezi ujao akawa ndiye anayepanga viti. Desturi hii si ya jana. Tarehe 5 Machi 1975, wapenzi wa kompyuta huko Menlo Park, jimbo la California, walikutana katika gereji ya mtu mmoja aitwaye Gordon French, wakaunda Homebrew Computer Club; miongoni mwao alikuwamo Steve Wozniak, ambaye baadaye alishiriki kuianzisha kampuni ya Apple. Waandishi wa Python walifanya warsha yao ya kwanza Novemba 1994 katika jimbo la Maryland, Marekani, na waliohudhuria walikuwa watu wapatao 20 tu. Mwaka 1997 wapenzi wa lugha nyingine, Perl, walianzisha chama chao mjini New York, na mfano huo ukaigwa katika miji mingi. Afrika nayo haikubaki nyuma: kongamano la Python lilifanyika Windhoek mwaka 2015, lile la bara zima likafanyika Accra mwaka 2019, na mwaka 2023 watumiaji wa Django, ambayo ni zana mashuhuri iliyoandikwa kwa Python, walikutana Zanzibar. Hapa Nairobi, tangu ukumbi wa iHub ulipofunguliwa mwaka 2010 kando ya Barabara ya Ngong, vijana wamezoea mikutano ya namna hii kiasi kwamba wao hawaoni ajabu yoyote ndani yake.

Mimi niliiona ajabu, na nitaieleza.

Neno "baraza" lina maana mbili katika nchi yetu. Bara, baraza ni mkutano wa chifu: mmoja husimama akasema, umati ukasikiliza. Pwani, baraza ni lile jukwaa la mawe mbele ya nyumba ambapo wazee huketi jioni, kila mtu akiwa na haki ya kusema, kukatiza na kucheka. Katika ukumbi ule niliyakuta mabaraza yote mawili chini ya paa moja. Mbele palikuwa na baraza la chifu: kijana hodari, mwenye maikrofoni na picha zilizomulikwa ukutani, akinena Kiingereza fasaha. Nyuma, safu tatu za mwisho, palikuwa na baraza la Pwani. Huko watu walinong'onezana, wakasukumiana kompyuta, wakaulizana. Na lugha ya huko nyuma ilikuwa Kiswahili. Simaanishi kile cha vitabu vya sarufi. Kilikuwa Kiswahili cha Nairobi, chenye chumvi ya Kiingereza na pilipili ya Sheng. Nitayanukuu maneno yao kwa Kiswahili sanifu kwa sababu mhariri wangu hana huruma.

Niliketi huko nyuma, kando ya binti mmoja wa mwaka wa kwanza chuoni. Alinieleza baadaye kwamba ile ilikuwa mara yake ya tatu kuhudhuria, na kwamba katika zile mbili za kwanza hakufungua kinywa. Alikuwa ameandika programu ndogo ya kutafuta wastani wa alama za wanafunzi. Programu hiyo alikuwa ameipanga vyema katika kile wanachokiita fanksheni, yaani kifungu cha maagizo kilichopewa jina ili kiweze kutumiwa tena na tena. Akiiendesha, kioo kilionyesha 61. Sahihi kabisa. Lakini alipotaka kuongeza alama 5 juu ya wastani huo, programu ilikataa katakata, ikamwambia kwamba haiwezi kujumlisha 5 na kitu kisichokuwapo. Angewezaje kuambiwa kwamba hakipo, ilhali 61 aliiona kwa macho yake mawili?

Ulipofika wakati wa maswali, alijikaza akauliza, kwa Kiingereza cha kujikwaa. Msemaji alimjibu kwa adabu na kwa usahihi. Alisema kuonyesha jibu kwenye kioo ni jambo moja, na kulikabidhi jibu kwa programu ni jambo jingine. Akarudia kwa maneno mengine. Akarudia mara ya tatu. Binti aliitikia kwa kichwa, na mimi ambaye nimewafundisha vijana kwa miongo miwili niliitambua mara moja ile itikio ya kichwa. Ni ya mwanafunzi ambaye hakuelewa na ameamua kutouliza tena. Alianza kuufunga mkoba wake.

Hapo ndipo kijana mmoja aliyeketi nyuma yetu, mwenye kofia iliyogeuzwa, alipoinama mbele.

"Dada, hebu ngoja. Wewe umemtuma mtoto dukani akuletee sukari, sivyo?"

"Mtoto gani?"

"Fanksheni yako ndiyo huyo mtoto. Umempa pesa, akaenda, akarudi. Alipofika mlangoni akapaza sauti: 'Sukari kilo moja!' Umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Mkononi ana nini?"

Binti alinyamaza. Akaitazama kompyuta yake. "Hana kitu," akasema polepole.

"Basi hiyo chai utaitia sauti ya mtoto?"

Safu nzima iliangua kicheko, hata wa mbele wakageuka. Binti hakucheka, alikuwa ameshaanza kuandika. Alilifuta neno moja, "print", ambalo huiamuru mashine ionyeshe kitu kwenye kioo, akaandika mahali pake neno jingine, "return", ambalo huiamuru irudishe kitu mikononi mwa aliyeomba. Akaiendesha programu. Ikatokea 66.

Waalimu wenzangu wa somo la kompyuta wataniambia kwamba kosa hili ni la kila mwanagenzi. Nakubali. Waliniambia hivyo pia pale ukumbini, kwamba hakuna aliyejifunza Python asijikwae hapo. Kilichonishughulisha ni yale yaliyofuata, kwa kuwa kisa cha mtoto hakikuishia kwenye sukari. Katika muda wa dakika kumi hivi, mazungumzo ya safu za nyuma yalikuwa yamekichukua na kukipanua. Zile thamani anazopewa fanksheni ili ifanye kazi zikawa "pesa za dukani". Fanksheni isiyorudisha kitu ikawa "imerudi mikono mitupu", na msemo huo nikausikia ukitumiwa na watu wawili ambao hawakuwapo ulipozaliwa. Mmoja akauliza: je, mtoto akimtuma mdogo wake? Hakuna taabu, alijibiwa, mradi mdogo amletee kaka yake, na kaka akuletee wewe. Mwingine akauliza: na akijituma mwenyewe? Kwa hakika fanksheni inaweza kujiita yenyewe, na ni mbinu inayoheshimiwa sana katika taaluma hiyo, lakini lazima pawe na mahali pa kukoma. Bila hivyo, Python humkatiza ikishahesabu takriban mara 1000. "Akijituma bila kikomo," alisema yule wa kofia, "duka litafungwa hajafika."

Nilikuwa nimetoa daftari. Wazungumzaji wa Kiingereza husema kwamba fanksheni "huitwa". Vijana hawa hawakuliazima neno hilo. Walisema fanksheni "hutumwa". Tazama, msomaji, jinsi kitenzi hiki kinavyowafaa. Kutoka mzizi mmoja wa -tum- Kiswahili kimezaa kutuma, kutumwa, kutumana, kujituma na kutumia. Kimezaa mtume, mtumwa, mtumishi, mtumiaji na matumizi. Anayetuma, anayetumwa, kinachotumiwa na tendo la kujituma, vyote vina umbo lake, na kila mzungumzaji huyaelewa bila kufundishwa kwa sababu ameyanyonya pamoja na maziwa. (Kwamba kujituma pia ni sifa ambayo walimu huiandika katika ripoti za wanafunzi wenye bidii, lilikuwa jambo la kuwachekesha zaidi.) Kiingereza hulazimika kutafuta neno jingine kwa nyingi ya dhana hizi. Sisi twabadilisha kiambishi tu.

Sasa niungame. Niliwahi kuitwa katika kamati moja ya istilahi ambayo kazi yake ilikuwa kuipatia taaluma ya kompyuta maneno ya Kiswahili. Tuliketi siku kadhaa katika hoteli nzuri. Asubuhi nzima ya kwanza tulibishana iwapo mashine yenyewe iitwe tarakilishi, neno lililoundwa kwa kuunganisha tarakimu na akili, au ngamizi, au iachwe kompyuta. Tulikuwa wataalamu watupu: wanaisimu, wanaleksikografia, wahariri. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuandika mstari mmoja wa programu. Tulitoka na orodha ndefu, tukatia sahihi, tukapokea posho, na sijawahi kukutana na mtu aliyeitumia. Nayasema haya bila kuwadharau wenzangu, kwa kuwa hoja nyingine ndefu zilikuwa zangu. Tulikuwa tukitunga majibu kabla ya mtu yeyote kuuliza. Kijana wa kofia alitunga la kwake wakati binti wa watu ameshika mkoba aondoke, na ndiyo sababu lilishika.

Wapo watakaonipinga, nao wana haki. Watasema kwamba maelezo ya lugha hizi, vitabu vyake na ajira zake vyote viko kwa Kiingereza, na kwamba kumzoesha kijana Kiswahili ni kumchimbia shimo. Watanikumbusha kwamba mwongozo wa uandishi wa Python, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2001, unawasihi watu wa mataifa yasiyozungumza Kiingereza waandike maelezo ya ndani ya programu zao kwa Kiingereza, isipokuwa wakiwa na hakika ya asilimia 120 kwamba programu hiyo haitasomwa kamwe na mgeni wa lugha yao. Ni nasaha ya busara, na mzaha wake unanipendeza. Isitoshe, katika ukumbi ule mlikuwamo wageni kutoka Ethiopia, ambao kicheko chetu kiliwapita juu ya vichwa. Mkutano wa mji mkubwa hauwezi kujifungia lugha moja, na sitaki ujifungie.

Lakini nawaomba wapinzani wangu wautazame mfano wa Japani. Mwaka 1995 Mjapani Yukihiro Matsumoto alitoa lugha yake ya programu iitwayo Ruby. Maneno yake yaliyotengwa ni ya Kiingereza, kama yalivyo ya Python. Hata hivyo, watumiaji wake wa mwanzo waliijadili, wakaikosoa na kuifundishana kwa Kijapani. Kitabu cha kwanza cha Kiingereza juu yake kilitoka mwaka 2000, na kwa hiyo ni wageni ndio waliokuwa wakikimbilia kuwafikia wenyeji. Kongamano lao kuu, lililoanza mwaka 2006, linaitwa RubyKaigi, na kaigi kwa Kijapani ni mkutano tu. Walikwenda ulimwenguni na neno lao. Hawakuona haja ya kuchagua kati ya msimbo unaosomeka na dunia nzima na mazungumzo yanayowapendeza wao. Msimbo ni maandishi, na maandishi yana msomaji wake wa mbali. Maelezo ni mazungumzo, na msikilizaji yuko hapa, ameshika mkoba.

Kuna vijana wa Tanzania ambao wamekwenda mbali zaidi, wakaunda Nuru, lugha ya programu ambayo maneno yake yenyewe ni ya Kiswahili: kama, sivyo, rudisha, andika. Ninawapongeza, na ningependa kila mwalimu aione. Hata hivyo sidhani kwamba hapo ndipo penye kizingiti kikubwa. Maneno 35 mtu huyakariri kwa wiki moja, yawe ya Kiingereza, Kijapani au Kigiriki. Kinachomshinda mwanafunzi ni dhana iliyo nyuma ya neno. Binti yule alilijua neno "return" tangu shule ya msingi, na halikumsaidia chochote.

Jambo hili linawahusu walimu kuliko linavyowahusu wale vijana wa mikutanoni. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya iliidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu katika shule za msingi na za upili. Maana yake ni kwamba kisa cha 61 na 66 sasa ni cha kutukia madarasani, mbele ya mwalimu ambaye pengine amefunzwa kwa siku chache na ambaye sera ya shule inamtaka azungumze Kiingereza hata anapoona kwamba nusu ya darasa inaitikia kwa kichwa namna ile. Ombi langu kwake si kubwa. Ahudhurie mikutano hii. Katika miji yetu mikubwa haikosekani, na mlangoni hakuna atakayemuuliza ana shahada gani. Na akiketi, aketi nyuma. Walimu wa Kiswahili nao nawaalika, maana huko ndiko istilahi zinakozaliwa zikiwa na damu mwilini, nasi twaweza kuwa wakunga wake badala ya kuja miaka kumi baadaye kuziandikia vyeti vya mazishi. Kuna wanaotumia "kitanzi" na kuna wanaotumia "mzunguko" kwa maagizo yanayojirudia. Lipi litashinda? Sijui, na safari hii sitaitisha kamati.

Mikutano hii ni dhaifu, hilo lisisahaulike. Huendeshwa na watu wawili watatu wanaojitolea, na mmoja akipata kazi ng'ambo au akichoka kuomba ukumbi, kikundi huzimika kama mshumaa. Janga la korona mwaka 2020 liliwahamisha wote kwenye vioo vya kompyuta, na kwenye kioo hakuna safu ya nyuma. Wote husikia kila kitu, kwa hiyo hakuna anayemnong'oneza mwenzake. Yule mwanafunzi wangu wa zamani aliniambia kwamba waliporejea ukumbini ilibidi waanze upya, na kwamba wale wanyamavu ndio waliokuwa wagumu kuwarudisha.

Tulipotoka jua lilikuwa limekwisha kuinama. Vijana walikuwa wakipanga viti, na yule wa kofia alikuwa akitafuta waya wake wa umeme uliokuwa umeazimwa na mtu. Binti alikuwa bado ameketi. Nilipopita nyuma yake nilichungulia, ashakum si matusi, tabia ya walimu. Mkoba ulikuwa sakafuni, na fanksheni yake, ambayo mwanzoni ilikuwa na jina la Kiingereza lililokatwakatwa, sasa iliitwa tafuta_wastani. Alikuwa akiandika ya pili chini yake, na jina lake lilikuwa tuma_mtoto.